Vincent van Gogh na Maua ya Chumba cha Mgeni

Katika jiji la London, ndani ya jumba la picha la taifa la Uingereza, imetundikwa picha ya maua 15 ya alizeti yaliyotiwa katika mtungi wa udongo. Imechorwa kwa rangi za mafuta juu ya kitambaa. Urefu wake ni kama sentimeta 92 na upana wake 73, hata mtu mmoja aweza kuibeba kwapani. Maua ni ya manjano, mtungi ni wa manjano, meza ni ya manjano, na ukuta ulio nyuma ni wa manjano pia. Maua mengine yamechanua vizuri, mengine yamekwisha pukutika yakabaki vichwa vilivyojaa mbegu, na mengine yameinamisha shingo kama mtu aliyechoka. Juu ya tumbo la mtungi limeandikwa jina moja tu: Vincent.

Watu wa mataifa yote huja kuitazama picha hiyo. Wengi wao wamesikia kwamba picha za mchoraji huyu huuzwa kwa mamilioni ya fedha, kwa hiyo hudhani ilitengenezwa kwa ajili ya ukuta wa tajiri. Sivyo. Picha hii ilichorwa ili kupamba chumba cha mgeni katika nyumba ndogo ya kupanga, na aliyeichora alikuwa mtu asiyekuwa na kitu, tena aliyekuwa amekwisha kukataliwa katika kazi ya Injili. Habari za mwenyeji huyo na mgeni wake ndizo tunazotaka kuzisimulia mwezi huu, kwa sababu zinatuhusu sana sisi tuliomo katika mitaa ya Kanisa.

MWANA WA MCHUNGAJI

Vincent van Gogh alizaliwa tarehe 30 Machi 1853 katika kijiji cha Zundert, kusini mwa Uholanzi. Baba yake, Theodorus, alikuwa mchungaji wa Kiprotestanti katika sehemu ya nchi iliyokaliwa zaidi na Wakatoliki, na washirika wake walikuwa wachache. Mwaka mmoja kamili kabla yake, tarehe 30 Machi 1852, mama yake alijifungua mtoto aliyekwisha kufa, naye alipewa jina hilo hilo la Vincent. Kaburi la mtoto yule lilikuwa kando ya kanisa. Hivyo kijana huyu alikua akiliona jina lake limechongwa juu ya jiwe la kaburi. Baada yake walizaliwa wengine 5, na aliyekuwa karibu naye kuliko wote ni Theo, mdogo wake kwa miaka 4. Msomaji amshike Theo moyoni, maana bila yeye hatungekuwa na habari hii ya kusimulia.

Vincent alipotimia miaka 16 alitiwa katika biashara ya kuuza picha, katika duka la Goupil mjini The Hague, ambamo baba yake mkubwa alikuwa mmoja wa wenye mali. Mwaka 1873 alipelekwa London, na baadaye Paris. Mwanzoni alifanya kazi vizuri. Lakini kadiri siku zilivyopita alizidi kuzama katika kusoma Biblia, akapoteza hamu ya kuwabembeleza wanunuzi, na mwaka 1876 akaachishwa kazi.

Alirudi Uingereza akawa mwalimu wa shule ndogo mjini Ramsgate, pasipo mshahara, kisha akahamia Isleworth karibu na London, akamsaidia mchungaji mmoja wa huko. Tarehe 29 Oktoba 1876 alisimama mimbarani kuhubiri kwa mara ya kwanza, katika kanisa la Wamethodisti la Richmond. Tangu hapo alikuwa na nia moja tu, nayo ni kuwa mtumishi wa Neno kama baba yake na babu yake.

Wazazi wake walimpeleka Amsterdam mwaka 1877 ajiandae kwa mtihani wa kuingia chuo kikuu kusoma theolojia. Kigiriki na Kilatini vikamshinda. Si kwamba hakuwa na akili, kwa kuwa alijua Kifaransa na Kiingereza barabara na alisoma vitabu vingi mno. Ila hakuona jinsi sarufi ya Kigiriki ingemsaidia kumfariji maskini. Baada ya mwaka mmoja hivi aliacha. Akajaribu shule ya wainjilisti karibu na Brussels kwa miezi 3, na huko nako hawakumpokea.

MWINJILISTI WA MIGODINI

Mwishoni mwa mwaka 1878 alikwenda mwenyewe katika wilaya ya Borinage, nchini Ubelgiji, penye migodi ya makaa ya mawe. Mwezi Januari 1879 halmashauri ya uinjilisti ilikubali kumpa kazi kwa miezi 6 ya kujaribiwa, katika kijiji cha Wasmes. Alikuwa na miaka 25.

Watu wa Borinage waliishi maisha magumu. Wanaume, wanawake na hata watoto walishuka chini ya ardhi kabla ya mapambazuko na kupanda tena giza likiwa limeingia, nyuso zao nyeusi kwa vumbi la makaa. Vincent naye alishuka mgodini kujionea kazi yao. Alipoona jinsi walivyoishi, aliona haya kukaa katika nyumba nzuri ya mwoka mikate aliyempangisha. Akahamia katika kibanda, akalala juu ya majani makavu, akagawa nguo zake na fedha zake. Mwezi Aprili mwaka ule gesi ililipuka katika mgodi mmoja wa jirani, watu wengi wakafa na wengine wakaungua vibaya. Vincent aliwauguza usiku na mchana. Wale waliomjua walisimulia baadaye kwamba alichana hata mashati yake ili kufunga majeraha.

Halmashauri ilipotuma mtu kumkagua, mkaguzi hakupendezwa. Aliona mwinjilisti mchafu, aliyevaa magunia, asiye na heshima ya kazi yake. Tuwatendee haki wazee wale: ni kweli kwamba Vincent hakuwa na ufasaha wa kuhubiri, na mtumishi anayejinyima chakula hata akadhoofika huwatia hofu wenye kumtuma. Walakini ni vigumu kusoma habari hii bila kujiuliza swali. Miezi 6 ilipokwisha, mkataba wake haukuendelezwa. Sababu waliyoandika ni kwamba hakuwa na kipawa cha kunena mbele ya watu.

Basi, mtu huyu aliyetaka kuwa mtumishi alijikuta hana kanisa, hana mshahara, wala hana rafiki. Kwa muda hata barua za Theo zilikatika. Alibaki Borinage akizunguka, akiwachora wachimbaji kwa kalamu ya risasi. Mwaka 1880, akiwa na miaka 27, aliamua kwamba kama hakupewa mimbara, atawafariji watu kwa picha. Theo, aliyekuwa akifanya kazi katika lile duka la picha, akaahidi kumtunza. Ahadi hiyo aliitimiza miaka 10, mpaka siku ya kufa.

BIBLIA NA MSHUMAA ULIOZIMIKA

Miaka ya kwanza picha zake zilikuwa za giza. Alichora wakulima, wafumaji wa nguo na wanawake wachota viazi. Picha yake kubwa ya wakati huo, ya mwaka 1885, yaonyesha jamaa ya wakulima wakila viazi chini ya taa moja, na mikono yao imekomaa kama udongo walioulima.

Mwezi Machi mwaka huo huo baba yake alifariki ghafula. Walikuwa wamegombana mara nyingi, kwa kuwa Vincent alikuwa ameacha kwenda kanisani, na baba hakuweza kumwelewa. Miezi michache baadaye Vincent aliiweka mezani Biblia kubwa ya marehemu baba yake, akaichora. Imefunguliwa kwenye kitabu cha Isaya, sura ya 53, panapotajwa mtumishi aliyedharauliwa na kukataliwa na watu. Kando yake pana mshumaa uliozimika, na mbele yake riwaya ndogo ya Kifaransa, ya rangi ya manjano, iliyochakaa kwa kusomwa. Kwa picha hiyo ya vitu visivyo na uhai alisema habari za baba na mwana waziwazi kuliko walivyoweza kusemezana wakati wa uhai wao.

MAUA YA PARIS

Mwaka 1886 alihamia Paris kwa Theo. Huko aliwakuta wachoraji waliokuwa wakitumia rangi nyepesi zenye nuru, akaona kwamba rangi zake za udongo zimepitwa na wakati. Alitaka kujifunza kuchora watu kwa rangi mpya, lakini hakuwa na fedha za kuwalipa watu wakae mbele yake. Maua hayadai malipo. Basi kiangazi kile alichora maua kwa makumi ya picha, na marafiki waliposikia wakawa wanampelekea maua kila juma.

Maua yale yalikuwa shule yake. Alijifunza kwamba rangi nyekundu ikiwekwa kando ya kijani kila moja huipa mwenzake nguvu, na vivyo hivyo buluu na rangi ya chungwa, au manjano na zambarau. Alikuwa na kisanduku chenye madonge ya nyuzi za sufu za rangi mbalimbali. Kabla ya kushika brashi alizisokota nyuzi mbili mbili pamoja kuona zinavyopatana. Kisanduku hicho kimehifadhiwa mjini Amsterdam hata leo. Alijifunza pia kuacha rangi nene ikae kama ilivyotoka kwenye brashi, bila kuilainisha, hata mtu aweza kuona mkono ulikopita.

Lakini mji ule ulimchosha. Alikunywa sana, alikula kidogo, na kukaa naye nyumba moja kulimwia Theo vigumu. Mwezi Februari 1888 alipanda gari moshi kwenda kusini, katika mji wa Arles, kutafuta jua.

VITI 12

Huko Arles alipanga nyumba ndogo iliyopakwa rangi ya manjano nje. Hapo ndipo wazo alilokuwa nalo siku nyingi lilipokomaa. Aliwaza kwamba wachoraji maskini wasihangaike kila mmoja peke yake. Wakae pamoja katika nyumba moja, wale chungu kimoja, na watakachopata wagawane. Alinunua vitanda 2, na viti 12. Viti 12 kwa mtu aliyekaa peke yake! Wanaojua alivyolelewa wanaweza kukisia hesabu hiyo ilitoka wapi.

Aliyealikwa kwanza alikuwa Paul Gauguin, mchoraji mwenye jina kidogo lakini mwenye madeni mengi. Theo alikubali kumlipia gharama zake, naye Gauguin atoe picha moja kila mwezi. Vincent akaanza kumwandalia chumba. Mwezi Agosti, alizeti zilipochanua katika mashamba na bustani za huko, aliamka kila siku alfajiri akachora mfululizo mpaka jioni, kwa kuwa maua yakikatwa hunyauka upesi. Katika muda wa juma moja hivi alimaliza picha 4. Ya kwanza ilikuwa na maua 3, na ya nne ndiyo ile yenye maua 15. Mbili zilizompendeza aliziandika jina lake, akazitundika katika chumba cha mgeni.

Hebu tufikiri kidogo. Alizeti kwetu ni zao, hulimwa na kukamuliwa mafuta. Hata huko Ufaransa lilihesabiwa kuwa ua la shambani, lisilo na adabu ya kuwekwa sebuleni kama waridi. Vincent alilichagua kwa ajili hiyo hiyo. Kwake yeye alizeti lilikuwa ua la kutoa shukrani. Wala hakuyachagua yaliyo kamili tu. Aliyachora na yale yaliyokwisha kunyauka, kila moja kwa heshima yake. Alipaka manjano juu ya manjano, jambo lililoonekana haliwezekani, na bado kila ua likaonekana peke yake.

Gauguin alifika tarehe 23 Oktoba 1888. Picha za alizeti alizipenda. Lakini watu hawa wawili walikuwa kama moto na upepo. Mmoja alitaka kuchora yaliyo mbele ya macho yake, mwingine yaliyo kichwani mwake. Mmoja alipenda kila kitu mahali pake, mwingine aliacha rangi zikitapakaa huku na huku. Mvua ikawafungia ndani, maneno yakawa makali, na Gauguin akaanza kusema ataondoka. Usiku wa tarehe 23 Desemba Vincent alipatwa na ugonjwa wa akili, akajikata sikio lake la kushoto. Asubuhi polisi walimkuta kitandani kama maiti. Gauguin akapanda gari moshi kurudi Paris. Wageni wengine wa viti vile hawakuja kamwe.

MAJIRANI NA MCHUNGAJI

Vincent alitibiwa hospitalini na daktari kijana aliyeitwa Félix Rey, ambaye alimtendea kwa upole. Joseph Roulin, mfanyakazi wa posta, alikuwa akienda kumwangalia kama ndugu. Mwezi Januari 1889 alirudi nyumbani, na kati ya kazi zake za kwanza alichora upya picha za alizeti, akizinakili zile za kwanza. Aliwaza kuziweka pande mbili za picha ya mke wa Roulin anayebembeleza kitanda cha mtoto, ziwe kama vinara viwili vya mishumaa. Mtu aliyekulia nyumba ya mchungaji hakuweza kuisahau nuru ya nyumba ya Mungu, ijapokuwa alikuwa hakanyagi tena mlangoni pake.

Ugonjwa ukarudi. Hapo majirani wapatao 30 waliandika barua kwa meya wa mji, wakitia sahihi zao, kwamba mtu huyu ni hatari, aondolewe. Polisi wakaifunga nyumba ya manjano, naye akafungiwa hospitalini. Kwa kipindi kile alikuwa na akili timamu, akajua yote yaliyotendeka. Maumivu ya jambo hilo hayakumtoka upesi.

Tusiwalaumu haraka majirani. Walikuwa na watoto, na walikuwa wameona mambo ya kutisha. Lakini mtu mmoja alitenda tofauti nao. Huyo ni Mchungaji Salles, wa Waprotestanti wachache wa Arles. Vincent hakuwa mshirika wake, wala hakuwa anahudhuria ibada. Hata hivyo mchungaji huyu alimtembelea hospitalini mara kwa mara, akamwandikia Theo habari zake, akafanya mashauri kwa niaba yake. Vincent alipokubali mwenyewe kwenda katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Saint-Rémy, Mchungaji Salles alifuatana naye tarehe 8 Mei 1889 mpaka akamkabidhi kwa daktari mkuu. Hatusomi kwamba alimhubiria sana. Twasoma kwamba alikwenda naye.

MAUA YA MWISHO

Madaktari walidhani ugonjwa wake ni aina ya kifafa. Wataalamu wa leo bado hawajaafikiana. Ulikuja na kuondoka. Ulipomshika hakuweza kitu, na ulipomwachia alishika brashi. Katika mwaka mmoja wa Saint-Rémy alichora picha zipatazo 150. Mwezi Januari 1890 mke wa Theo, Johanna, alijifungua mtoto wa kiume, wakamwita Vincent. Mjomba? La, baba mkubwa huyu, kutoka hospitalini, alimchorea mtoto matawi ya mlozi yaliyochanua, nyuma yake anga la buluu, kwa kuwa mlozi ndio mti utangulizao kuchanua kabla ya majira ya baridi kwisha.

Siku zake za mwisho hospitalini, mwezi Mei 1890, alichora picha 4 kubwa za maua katika jagi: mbili za maua ya airisi, mbili za waridi. Leo waridi zile huonekana nyeupe, na watu husifu utulivu wake. Kumbe alizichora zikiwa na rangi ya waridi yenyewe, lakini rangi aliyotumia, iliyokuwa rahisi kupatikana, hufifia kwa mwanga. Hata manjano ya alizeti zake mahali pengine yamegeuka kuwa ya kahawia. Alijua kwamba rangi hufifia kama maua yenyewe, na kwa sababu hiyo alizipaka kwa nguvu zaidi.

Alihamia kijiji cha Auvers, karibu na Paris, chini ya uangalizi wa Daktari Gachet. Kwa siku 70 hivi alichora karibu picha moja kila siku. Tarehe 27 Julai 1890 alijipiga risasi, na tarehe 29 akafa mikononi mwa Theo. Alikuwa na miaka 37. Kwa kuwa alijiua, kasisi wa mahali pale alikataa gari la maiti la parokia lisitumike, ikabidi kuazima la kijiji jirani. Marafiki waliitundika picha zake kuzunguka chumba alimolazwa, na juu ya jeneza wakaweka maua ya manjano kila mahali, alizeti zikiwamo, kwa sababu wote walijua alivyozipenda.

MJANE ALIYETUNZA

Miezi 6 baadaye, Januari 1891, Theo naye alifariki, akiwa na miaka 33. Johanna akabaki mjane wa miaka 28, na mtoto asiyetimiza mwaka, na nyumba iliyojaa picha ambazo karibu hakuna aliyezitaka. Katika maisha yake Vincent alipata kuona picha zake chache mno zikinunuliwa. Inayojulikana zaidi ni ya shamba la mizabibu, iliyonunuliwa kwa faranga 400 mwaka wa kufa kwake.

Johanna alirudi Uholanzi, akafungua nyumba ya kulaza wageni ili apate riziki, na picha zile akazitundika katika vyumba vyake. Usiku alizisoma barua ambazo Vincent alimwandikia Theo, akazipanga kwa tarehe, akazitoa kitabu mwaka 1914. Mwaka huo aliuhamisha mwili wa mumewe mpaka Auvers, ndugu wawili wakalala kaburi kwa kaburi. Mwaka 1924 jumba la picha la London lilimwomba picha ya alizeti. Kwanza alikataa, kwa kuwa alikuwa ameitazama kila siku kwa zaidi ya miaka 30. Kisha akaitoa, kwa ajili ya sifa ya Vincent. Mwaka uliofuata alifariki. Mtoto wake, yule wa matawi ya mlozi, ndiye aliyewezesha kujengwa kwa jumba la Van Gogh mjini Amsterdam, lililofunguliwa mwaka 1973.

Kazi ya Vincent ilizaa wengine. Mwaka 1905 picha zake zilionyeshwa mjini Dresden, Ujerumani. Vijana wachache wa huko, waliokuwa wamekwisha kuungana mwaka huo kuchora pamoja, walizitazama wakapata nguvu. Hao na wenzao ndio walioitwa baadaye Waekspreshonisti, maana yake wachoraji waliotaka rangi iseme yaliyo moyoni kabla ya kusema yaliyo mezani. Tangu hapo, mtu akichora maua katika jagi kwa rangi nene na brashi yenye haraka, yamkini amejifunza kwa yule mwinjilisti wa Borinage, ajue asijue. Hata Gauguin, aliyekimbia nyumba ya manjano, mwaka 1901 akiwa mbali katika visiwa vya Bahari ya Pasifiki, alichora alizeti zilizooteshwa kwa mbegu alizoagiza Ufaransa.

Na picha zenyewe? Moja kati ya zile 4 za kwanza iliteketea Japani katika shambulio la ndege tarehe 6 Agosti 1945. Nyingine, kati ya zile alizonakili, iliuzwa London tarehe 30 Machi 1987, siku ya kuzaliwa kwake, kwa zaidi ya pauni milioni 24. Fedha hizo hazikumfikia mtu yeyote aliyepata kumpa kipande cha mkate.

Wapendwa wasomaji, si kila mgonjwa wa akili ni Vincent van Gogh, wala hatuambiwi tuwatunze wagonjwa kwa kutumaini kwamba picha zao zitauzwa. Lakini katika kila mtaa yuko mtu ambaye wazee wa kanisa hawajui wamfanyie nini. Pengine amevaa vibaya, pengine anatoa kuliko kiasi, pengine husema peke yake njiani, na majirani wamekwisha kuchoka. Sahihi 30 ni rahisi kupatikana. Kufuatana naye mpaka mlangoni mwa daktari, kama alivyofanya Mchungaji Salles, kwahitaji mtu mmoja tu mwenye siku moja ya kutoa. Na nyumba inayotunza mgonjwa wa namna hiyo, kama Theo na Johanna walivyotunza, yahitaji kutembelewa nayo, kwa maana huchoka kimya kimya.

Tunapomaliza habari hii, tunawaomba wasomaji waifungue Biblia nyumbani jioni moja, pale pale ilipofunguliwa ile ya mchungaji Theodorus, katika Isaya sura ya 53, waisome yote. Kisha wamtaje mbele za Mungu, kwa jina, yule mtu wa mtaa wao ambaye kiti chake ki tupu.